Mbona Nilichanjwa na Nimeugua?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)



Jioni ya leo nataka tuzungumzie ugonjwa ambao wengi wetu tumezoea kuuchukulia kama jambo la watoto. Ugonjwa huo ni matubwitubwi. Najua baadhi yenu mmeshaanza kutabasamu, maana mnakumbuka jinsi mtoto alivyofungwa kanga kuanzia kidevuni hadi utosini, akapakwa masizi mashavuni, na wenzake wakamcheka mpaka akapona. Kwa mtoto wa miaka sita, mara nyingi mambo huishia hapo. Kwa kijana wa miaka ishirini na mbili anayeishi bwenini, mambo yanaweza kuwa mengine kabisa.

Nimepokea ujumbe wa simu kutoka kwa kijana anayesoma chuo kimoja mjini Iringa. Sitamtaja, wala sitakitaja chuo chake. Anasema hivi: vijana wanne wa bweni lao walivimba mashavu, na yeye akawa wa tano. Mama yake, aliyeko Uyole, anaapa kwamba mwanawe alichanjwa, maana alimpeleka yeye mwenyewe na akashuhudia sindano ikiingia. Basi kijana anauliza: "Mzee, kama mimi nilichanjwa na nimeugua, kwa nini mnatuambia tuwapeleke wadogo zetu?"

Ni swali halali, ndugu zangu, na lina haki ya kupata jibu kamili. Nimesikia watu wazima, tena wenye elimu yao, wakilijibu swali la namna hii kwa ukali, kana kwamba anayeuliza ni mkorofi. Mtu anayeuliza na akafokewa hatauliza tena kwa mganga. Atamwuliza jirani kwenye daladala ya kwenda Mwanjelwa, na huko majibu hayakosekani.

Tuanze na jambo ambalo pengine litamshangaza huyu kijana na mama yake. Alichanjwa chanjo gani?

Kijana mwenye miaka ishirini na ushee hivi leo alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwezi Oktoba 2014. Mwezi huo Serikali iliendesha kampeni kubwa nchi nzima, iliyowahusu watoto wote kuanzia umri wa miezi tisa hadi walio chini ya miaka kumi na mitano. Wengi mnaikumbuka. Watoto walipangwa mistari shuleni, wengine wakilia kabla hata ya kuiona sindano. Chanjo iliyotolewa siku zile ilikuwa ya surua na rubela. Magonjwa mawili hayo, basi. Matubwitubwi haikuwamo.

Wala haimo hata leo. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na tangu hapo umekuwa ukiongeza kinga moja baada ya nyingine: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua za tangu zamani, kisha homa ya ini, homa ya uti wa mgongo ya vichanga, nimonia, kuhara, rubela na saratani ya mlango wa kizazi. Matubwitubwi haijawekwa kwenye orodha hiyo. Chanjo yake ipo duniani, nayo huchanganywa na ile ya surua na rubela, zikawa tatu katika sindano moja. Huku kwetu mwenye kuitaka huitafuta katika baadhi ya hospitali binafsi za mijini na kuilipia mwenyewe. Kwa hiyo mama wa Uyole hakusema uongo hata kidogo. Mwanawe alichanjwa. Lakini kuchanjwa surua hakuzuii matubwitubwi, kama vile kuweka kitasa mlango wa mbele kusivyofunga dirisha la jikoni.

Hapa nina lawama yangu. Tunapowachanja watoto kwa mamilioni, tunawaambia wazazi "mleteni mtoto apate chanjo." Chanjo. Kana kwamba ni kitu kimoja, mithili ya sabuni. Mzazi anarudi nyumbani akiamini kwamba mtoto amekingwa na kila kitu. Siku mtoto akiugua jambo lolote linalofanana, imani yote inaporomoka kwa mkupuo mmoja.

Sasa mtauliza, kwa nini Serikali isiiongeze hiyo ya tatu, tukamaliza maneno? Fedha ni sababu mojawapo, lakini ipo nyingine ambayo haisemwi sana. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizishauri nchi ziingize chanjo ya matubwitubwi pale tu zinapokuwa na uwezo wa kuwafikia watoto zaidi ya themanini katika kila mia, na kuendelea hivyo mwaka hadi mwaka. Ukiwachanja nusu nusu, unapunguza mwendo wa ugonjwa bila kuukomesha. Wale ambao hawakuchanjwa, ambao zamani wangeuugua wakiwa na miaka mitano wakapona kwa kanga na masizi, sasa wanakutana nao wakiwa na miaka ishirini. Na kwa mwanamume aliyebalehe, ugonjwa huu una tabia ya kushuka. Katika kila wanaume kumi wasiochanjwa wanaouugua baada ya kubalehe, hadi watatu huvimba korodani. Maumivu yake, waliopitia wanasema, si ya kusimulia mbele za watu. Wachache hubaki na upungufu wa uzazi, ingawa kukosa uzazi kabisa ni nadra. Wengine hupata homa ya uti wa mgongo, na wachache hupoteza usikivu wa sikio. Kwa hiyo chanjo iliyotolewa kwa kulegalega ingeweza kuusogeza ugonjwa kutoka kwa wasioumia sana na kuupeleka kwa wanaoumia. Wakubwa wa afya wakaona heri surua kwanza, kwa sababu surua inaua. Mimi nakubaliana nao.

Lakini tuseme kijana wetu angekuwa amechanjwa kweli dhidi ya matubwitubwi. Je, angeweza bado kuugua? Naam, angeweza. Na hili limetokea katika nchi tajiri, tena kwa maelfu ya watu.

Chanjo yenyewe ina historia ya kupendeza. Usiku mmoja wa mwaka 1963, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, msichana mdogo aliyeitwa Jeryl Lynn alimwamsha baba yake akilalamika kwamba shingo inamwuma. Baba alikuwa Maurice Hilleman, mtaalamu wa kutengeneza chanjo. Alimtazama mtoto, akatambua ni matubwitubwi, akamrudisha kitandani, kisha akaenda kazini kuchukua vifaa. Akarudi na kumfuta koo kwa pamba, na kirusi alichokipata akakidhoofisha kwa kukipitisha katika mayai na vifaranga vya kuku. Mwaka 1967 chanjo ikaruhusiwa. Mpaka leo kirusi kile dhaifu kinaitwa Jeryl Lynn, na watoto wengi wa dunia hii wamekingwa kwa ugonjwa wa binti huyo mmoja.

Kabla ya chanjo, Marekani ilikuwa ikipata taarifa za wagonjwa wapatao 186,000 kila mwaka. Baada yake wagonjwa walipungua hadi mamia machache tu. Watu wakasahau. Halafu mwaka 2006 ugonjwa ukalipuka upya, ukaanzia jimbo la Iowa na kuenea majimbo jirani, na mwisho wa mwaka wakahesabiwa wagonjwa 6,584. Wengi walikuwa vijana wa vyuo, na wengi wa vijana hao walikuwa wamepata dozi zote mbili zinazotakiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Uingereza nayo ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 43,000, ingawa kisa chao kilikuwa tofauti: wengi walikuwa vijana waliozaliwa miaka ya themanini, ambao chanjo hiyo ilipoanza mwaka 1988 walikuwa wameshapita umri, au walipata dozi moja tu.

Wapinga chanjo walishangilia Iowa. Wakasema: mmeona? Wanaougua ni waliochanjwa!

Tafadhali, ndugu msikilizaji, chukua kalamu, au kama uko jikoni tumia punje za maharage. Tufanye chuo kina wanafunzi 1,000. Kati yao 950 wamechanjwa na 50 hawakuchanjwa. Tuseme dozi mbili za chanjo hii huwakinga watu 88 katika kila mia, nacho ni kipimo kilichotumiwa kwa miaka mingi na wataalamu wa Marekani. Maana yake, kati ya wale 950 waliochanjwa, 114 hawakushika kinga. Ugonjwa ukiingia na kuwapata nusu ya wote wasio na kinga, utawaugusha 57 waliochanjwa na 25 wasiochanjwa. Jumla ni 82. Mwandishi wa habari akija na kuuliza, ataambiwa kwamba karibu saba katika kila wagonjwa kumi walichanjwa. Ni kweli tupu. Lakini tazama upande wa pili: miongoni mwa waliochanjwa wameugua sita katika kila mia, na miongoni mwa wasiochanjwa wameugua hamsini katika kila mia. Na kama chuo kizima kisingechanjwa, kwa hesabu hiyo hiyo wangeugua si chini ya 500.

Nimewahi kuieleza hesabu hii kwa fundi mmoja wa pikipiki pale Kabwe. Akanijibu kwamba hata yeye kila mwezi anapokea bodaboda zilizopata ajali, na waendeshaji wengi walikuwa na kofia ngumu, kwa sababu siku hizi walio wengi wanavaa. Hakuhitaji punje za maharage.

Lipo jambo la pili, nalo ni kwamba kinga huchakaa. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Joseph Lewnard na Yonatan Grad, walikusanya takwimu za miaka mingi, wakakadiria kwamba kinga ya chanjo ya matubwitubwi hudumu kwa wastani wa miaka 27 hivi baada ya dozi ya mwisho, lakini robo ya watu huipoteza katika miaka minane hivi. Mtoto aliyepata dozi ya pili akiwa na miaka mitano, akifika chuo kinga yake inaweza kuwa imepungua, na hapo ndipo anapolala chumba kimoja na wenzake watano. Wengine wanabishana na makadirio hayo. Wanasema kirusi kinachozunguka leo si wa ukoo mmoja na yule wa Jeryl Lynn, na kwamba kinga iliyojengwa kwa huyo wa zamani haimtambui vizuri huyu wa sasa. Huenda yote mawili yana ukweli. Lililo hakika ni kwamba katika Chuo Kikuu cha Iowa, ugonjwa ulipolipuka mwaka wa masomo wa 2015 na 2016, wanafunzi walipewa dozi ya tatu. Waliokuwa na dozi mbili waliugua kwa kiwango cha 14.5 katika kila 1,000, na waliopata ya tatu 6.7 katika kila 1,000. Ndipo mwezi Oktoba 2017 washauri wa chanjo wa Marekani wakapendekeza dozi ya tatu kwa walio katika hatari pale ugonjwa unapolipuka.

Sasa, jambo hili la kinga kuchakaa linatushangaza sisi kwa nini? Wafugaji wa kuku wanaonisikiliza kule Rungwe, Mufindi na Kilolo wanalijua kuliko profesa yeyote. Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, na baada ya miezi mitatu unarudia, na baada ya mitatu unarudia tena. Sijapata kumsikia mfugaji akisema, "Kwa kuwa natakiwa kurudia, basi chanjo ya kideri ni uongo." Anajua akiacha, asubuhi moja atakuta banda zima limelala chini. Mama wajawazito nao wanajua kwamba pepopunda ina sindano tano na kila moja huongeza muda wa kinga. Na madereva wa malori wanaovuka Tunduma wanajua kinyume chake: kadi ya homa ya manjano ambayo zamani ilitakiwa kufanywa upya kila baada ya miaka kumi, tangu Julai 2016 sindano yake inatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nayo. Kila chanjo ina umri wake, kama vile bati na nyasi zilivyo na umri tofauti juu ya paa.

Nije kwenye uvumi, maana ndio ulionifanya nichague mada hii.

Uvumi wa kwanza katika nchi zetu daima ni uzazi. Mwaka 2014 majirani zetu wa Kenya walivutana vikali juu ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Maaskofu wa Kikatoliki walidai kwamba imechanganywa na homoni ya kuharibu mimba. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na Unicef wakakanusha. Sampuli zikapimwa, na vipimo vyenyewe vikabishaniwa. Mimi naamini chanjo ile ilikuwa salama. Lakini naelewa hofu ilitoka wapi. Watu waliokwisha kuamuliwa mambo mengi na wakubwa bila kuulizwa hawawezi kuwa wepesi wa kuinua mikono ya mashati. Bibi zetu waliwaogopa mumiani waliosemwa kunyonya damu, na hofu ile haikufa, bali ilibadilisha nguo. Hata hivyo, kejeli iliyopo katika suala la leo ni kubwa mno: kijana anakimbia chanjo kwa kuogopa kukosa watoto, wakati ugonjwa unaozuiwa na chanjo hiyo ndio unaoshambulia korodani.

Uvumi wa pili hutoka ng'ambo. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha katika jarida la Lancet makala iliyohusu watoto 12 tu, akidokeza kwamba ile sindano ya magonjwa matatu inahusiana na usonji. Wazazi wakaingiwa na hofu, na kufikia 2003 na 2004 waliochanjwa Uingereza walishuka hadi kama themanini katika kila mia. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo, na daktari mwenyewe akaondolewa kwenye daftari la madaktari. Makala imefutwa, lakini maneno yake bado yanatembea katika simu za watu hapa Mbeya. Nimeyaona mwenyewe, yametafsiriwa kwa Kiswahili kizuri tu.

Nasi tuna yetu. Mwezi Januari 2021, akiwa Chato, hayati Rais Magufuli alionyesha shaka juu ya chanjo za ugonjwa wa korona. Julai 28 mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera. Ndani ya miezi sita mwananchi wa kawaida aliambiwa mambo mawili na Ikulu moja. Sitaki kufufua mjadala ule. Nasema tu kwamba muuguzi wa zahanati ya kijijini ndiye aliyeachiwa kazi ya kueleza, na hakupewa maneno ya kuelezea.

Sasa nitasema jambo gumu, ambalo wengine wangependa nisiliseme redioni. Mwaka 2023 mtoto mmoja mkoani Rukwa aligundulika kupooza kwa polio. Polio ile ilitokana na kirusi cha chanjo yenyewe. Ndiyo, mmesikia vizuri. Chanjo ya matone ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto aliyechanjwa hukitoa kwa haja kubwa. Kikikuta jamii ambayo watoto wengi hawakuchanjwa na vyoo ni haba, huhama kutoka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, kikibadilika kidogo kidogo, mpaka siku moja kinarudiwa na nguvu zake. Mwezi Septemba mwaka huo mikoa sita, Mbeya ikiwemo, iliendesha kampeni ya matone kwa watoto walio chini ya miaka minane, kwa kutumia aina mpya iliyotengenezwa isibadilike kwa urahisi.

Mpinga chanjo akilisikia hilo atasema, "Basi nilikuwa na haki." Lakini fuatilia mnyororo wenyewe. Kirusi kile hakikupata njia kwa waliochanjwa. Kilipata njia kwa wale ambao hawakufikiwa. Palipo na watoto waliochanjwa wote, hukosa pa kwenda na kufa. Jambo hili linaelezeka. Ukilieleza kwa utulivu, mama wa Chunya atalielewa sawasawa na mama wa Gangilonga. Ukilificha, atalisikia siku nyingine kwa mtu mwingine, limeshatiwa chumvi, na wewe utakuwa mwongo.

Hapa Mbeya tunao mfano mzuri wa kusema kweli, nao umepita kimya kimya. Kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR kimekuwa kikishiriki kwa miaka mingi majaribio ya chanjo ya Ukimwi, na vijana wa mji huu wamejitolea mikono yao. Jaribio la mwisho kubwa, lililoitwa PrEPVacc, liliendeshwa Mbeya, Dar es Salaam, Masaka huko Uganda na Durban huko Afrika Kusini. Mwezi Novemba 2023 wasimamizi huru walishauri uchanjaji usimamishwe, kwa sababu hapakuwa tena na matumaini ya kuonyesha kwamba chanjo inazuia maambukizo. Watafiti wakatangaza hadharani: haikufanya kazi. Hawakuzungusha maneno. Kwangu mimi, watu wanaokubali kusema "hii imeshindwa" ndio ninaowaamini wanaposema "hii inafaa."

Na zipo zinazofaa. Mpishi wa hospitali ya Merca nchini Somalia, Ali Maow Maalin, aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu ya sindano, na mwezi Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida. Alipona. Baadaye akawa anazunguka vijijini kuwahimiza wazazi wapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, akiwaeleza kisa chake mwenyewe, na malaria ilimwua mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo hiyo. Karibu na kwetu zaidi, mwishoni mwa 2022 surua iliingia Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, ikaua watoto. Surua ina chanjo, tena ya bure, na zahanati inayo. Wale watoto walikufa kwa ugonjwa ambao shangazi zao wa mjini wameshausahau.

Nimwambie sasa kijana wa Iringa na wenzake yale ya kufanya. Matubwitubwi husambaa kwa mate: kikombe kimoja cha chai, chupa moja ya maji, kupokezana filimbi mpirani, kuzungumza uso kwa uso chumbani. Mgonjwa akae peke yake kwa siku tano tangu mashavu yalipovimba. Dawa za kuua bakteria hazimsaidii, maana huyu ni kirusi. Dawa ya kutuliza maumivu, maji mengi na uji vinatosha. Akiona korodani zinavimba, au kichwa kinauma na shingo imekakamaa, au sikio halisikii, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kucheka kwa wenzake kuishe. Na aliyelala naye chumba kimoja ajue kwamba ugonjwa huchukua kama wiki mbili hadi tatu kujitokeza, kwa hiyo leo akiwa mzima si kwamba ameponea.

Wapo pia vijana wetu wanaopata nafasi za masomo Marekani. Vyuo vingi vya huko hudai uthibitisho wa dozi mbili za ile sindano ya magonjwa matatu, na kadi ya kampeni ya 2014, hata kama mama aliitunza sandukuni, haitoshi. Wasisubiri wiki ya kusafiri.

Mwisho ni wasichana. Tangu Aprili 2018 Tanzania inawachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Tulianza na dozi mbili kwa wenye miaka 14. Mwezi Aprili 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Baadhi ya wazazi wameniuliza kama Serikali imepunguza dozi kwa kukosa fedha. Dozi moja ni nafuu kweli, lakini utafiti mmojawapo uliopima jambo hilo ulifanywa hapa hapa nchini, Mwanza, kwa wasichana 930, na ukaonyesha kwamba kinga inayotokana na dozi moja inajengeka na kudumu. Mzazi aliyeambiwa hivyo hana haja ya kubuni sababu. Wangapi waliambiwa?

Kila chuo na kila shule ya bweni hutoa fomu ya uchunguzi wa afya kwa mwanafunzi mpya. Nimezitazama chache za hapa Mbeya na Iringa. Zinauliza macho, meno, moyo, mkojo. Ningeomba ziongezewe mistari michache: umechanjwa nini, mwaka gani, dozi ngapi. Mwanafunzi atalazimika kumpigia simu mama yake, mama atafungua sanduku na kuitafuta kadi ya kliniki, na wote wawili watasoma kilichoandikwa.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia, nitazungumzia bei ya mbolea ya kupandia. Jioni njema.